Spike Milligan na mlango uliofungwa: bipola ilimpa vichekesho au ilimnyang'anya?

#1 Mwali wa Pazia (mleta mada)

Wakuu salaam.

Mchekeshaji Spike Milligan wengi wanamjua kwa The Goon Show, kipindi cha vichekesho cha redio ya BBC, 1951 hadi 1960, akiwa na Peter Sellers na Harry Secombe. Sehemu kubwa ya vichekesho vile aliviandika yeye. Kinachosahaulika ni kwamba wakati Uingereza inacheka, mwandishi mwenyewe alikuwa anajifungia chumbani siku kadhaa, hataki mtu, hataki mwanga, hataki hata mlio wa simu. Alikuwa na bipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu juu kupita kiasi kisha kumzamisha, kwa mawimbi. Waliosimulia maisha yake wanahesabu kuwa alizidiwa vibaya si chini ya mara 10, na mara nyingine hali ilichukua zaidi ya mwaka.

Hoja yangu ni moja. Ule ugonjwa ndio uliokuwa kiwanda chake. Akili ikienda kasi maneno yanagongana, mantiki inapinduka, unapata kichekesho ambacho mtu mtulivu hawezi kukifikia. Ukimtibu Milligan kikamilifu mwaka 1951, The Goon Show haizaliwi. Karibuni mnipinge.

#2 Mkata Mawimbi

Umeanza vizuri ukaharibu mwishoni. Kiwanda gani hicho kinachofungwa miezi sita?

Bipola ina ngazi, na watu huzichanganya. Hipomania ni angalau siku 4 mfululizo: mtu analala kwa saa 3 tu na anaamka na nguvu, anaongea haraka, mawazo yanamiminika, lakini kazini anafika. Mania kamili ni wiki moja au zaidi, ama muda wowote ikiwa imebidi alazwe. Hapo uamuzi umekwenda, na anaweza kuamini mambo yasiyokuwepo. Sonona ni wiki 2 au zaidi za kuzama: kuoga ni mlima, kusoma ukurasa mmoja ni mlima. Katika hizo tatu, hipomania peke yake inaweza kumwachia mtu kurasa za maana, na hata hizo zinataka mtu aliyetulia aje azikate. Kichekesho cha redio ni kazi ya kupunguza. Mtu aliye kwenye mania hapunguzi, anaongeza.

Ndiyo maana Milligan alizungukwa na watu. Jimmy Grafton alihariri miswada ya mwanzo, Larry Stephens na Eric Sykes waliandika naye. Hao ndio kiwanda kama unakitafuta.

#3 Fundi Sauti

Nakazia #2, ila mmeruka ratiba. Mswada wa nusu saa kila wiki, rekodi mbele ya watazamaji, na rekodi ikiisha karatasi nyeupe inakusubiri tena. Mfululizo mmoja ulipita wiki 20. Si mtu anatunga mwaka mzima halafu anatembea na kichekesho kilekile mji hadi mji. Kila wiki ni kipya, na sauti za ajabu alizozitaka (milipuko, magari, milango) zilimgombanisha na mafundi kwa sababu alitaka kila mlio ukae mahali pake hasa.

Mfululizo wa tatu ulianza Novemba 1952. Desemba akazidiwa, akalazwa, vipindi kadhaa vikaenda hewani bila yeye. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba kazi ile ilimgharimu afya na ndoa. Mimi simtafuti mchawi mbali. Ni kazi.

#4 Bibi Maktaba

Wanangu, mbona vita mmeiacha nje?

Alizaliwa Ahmednagar, India, tarehe 16 Aprili 1918, baba yake akiwa askari wa jeshi la Uingereza. Vita vya pili alikuwa kikosi cha mizinga, Afrika Kaskazini kisha Italia. Januari 1944, karibu na Monte Cassino, kombora likamjeruhi mguu. Mguu ulipona, akili haikupona: kutetemeka, kulia, kugugumia kila mizinga ikilia. Akarudishwa kwenye mizinga mapema mno, na cheo kidogo alichokuwa nacho akanyang'anywa. Askari aliyevunjika anaadhibiwa kwa kuvunjika! Hapo ndipo pa kuanzia, si 1952. Halafu sikilizeni vichekesho vyake: kila baada ya dakika mbili kitu kinalipuka. Mnadhani ni bahati mbaya?

#5 Mkata Mawimbi

Shikamoo Bibi. Nina kigugumizi kimoja na maelezo yako. Januari 1944 Milligan alikuwa na miaka 25. Bipola mara nyingi hujitokeza kati ya mwisho wa ujana na katikati ya miaka ya ishirini, vita viwepo visiwepo. Huwezi kujua kama kombora ndilo lililoleta ugonjwa au lilimkuta mlangoni. Tena mshtuko wa vita na bipola ni vitu viwili. Mshtuko huamshwa na ukumbusho: mlio, harufu, ndoto. Bipola huja kwa mawimbi hata pasipokuwa na ukumbusho wowote. Mtu anaweza kubeba vyote viwili, na nadhani yeye alivibeba.

Na kuna damu pia. Mtoto wa mzazi mmoja mwenye bipola ana uwezekano wa takribani 1 kwa 10, wakati kwa watu wote ni 1 hadi 2 kwa 100.

#6 Bibi Maktaba

Marahaba. Kumkuta mlangoni nakubali kunawezekana. Lakini aliyeufungua mlango ni nani?

#7 DawaKwaSaa

Wote mmepita juu ya kitu kilichokuwa ndani ya nyumba. Milligan alioa mara ya kwanza mwanzoni mwa 1952, na mwishoni mwa mwaka huohuo mtoto wa kwanza akazaliwa. Sasa panga tarehe: mfululizo mpya Novemba, mtoto mchanga ndani, akazidiwa Desemba.

Kwa mwenye bipola, usingizi ukikatika si matokeo tu, ni kichochezi. Usiku mbili tatu za kulala vipande vipande zinatosha kuisukuma akili juu. Ikishaanza kupanda, mtu haoni tena haja ya kulala, kwa hiyo usingizi unazidi kukatika, na kila mmoja unamlisha mwenzake. Ndiyo sababu leo familia yenye mzazi wa namna hii ikipata mtoto, mpango unaandikwa kabla ya kujifungua: nani anaamka saa 8 usiku, mgonjwa analala chumba kipi, na angalau saa 6 zisizokatika zinalindwa vipi. Kwa mama mwenye bipola jambo ni zito zaidi, maana wiki za kwanza baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa ya mania. Milligan hakuwa na mpango. Alikuwa na mswada wa kupeleka.

Na dawa? John Cade wa Australia alichapisha habari za lithiamu, dawa ya kutuliza mawimbi ya bipola, 1949. Mogens Schou wa Denmark akatoa jaribio lake 1954. Marekani iliiruhusu 1970. Mtu aliyelazwa London Desemba 1952 alikutana na dawa za kulaza na subira, basi.

#8 Nahodha77

Hata Robin Williams alikuwa na bipola na akawa mchekeshaji bora kuliko wote. Mleta mada yuko sahihi.

#9 Tulizana

Hapana Nahodha. Williams hakuwahi kutangazwa kuwa na bipola, watu wamembandika. Mei 2014 aliambiwa ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko. Baada ya kufariki Agosti 11 mwaka huohuo, uchunguzi ukakuta miili ya Lewy (vibonge vya protini) imeenea kwenye ubongo. Huo ni ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu, usingizi, mwendo na hisia, na mjane wake ameueleza kwa kirefu kwenye jarida la madaktari wa neva, 2016. Ni habari nyingine kabisa.

Mfano unaofaa mada hii ni Jonathan Winters, mchekeshaji wa Marekani, alilazwa mwisho wa miaka ya 1950 akakaa miezi. Au Stephen Fry, ambaye Februari 1995 aliondoka ghafla kwenye igizo London, akavuka hadi Ubelgiji bila kuaga. Miaka baadaye akasema wazi kwamba ni bipola, na mwaka 2011 akawa rais wa Mind, shirika la afya ya akili la Uingereza.

#10 Nahodha77

Nimerekebishwa, ahsante. Naomba kuuliza la Sellers na kisu. Ni kweli alitaka kumchinja?

#11 Fundi Sauti

Kisu cha viazi. Walikuwa majirani. Milligan akaenda na kisu cha kumenyea viazi akiwa na nia ya kumuua Sellers, na baada ya hapo akapelekwa hospitali. Kuna simulizi kwamba alipita kwenye mlango wa kioo bila kuufungua, lakini masimulizi yanatofautiana hata kuhusu kisu chenyewe, wengine wanasema kimenyeo tu. Alilisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye.

#12 Tulizana

Tuliangalie hilo tukio vizuri maana watu hulisimulia kama kichekesho. Mtu aliye kwenye mania au hali mchanganyiko (nguvu za mania, giza la sonona, kwa wakati mmoja) mara nyingi humgeukia wa karibu, si mgeni. Anayemwona kila siku ndiye anayeingia kwenye hadithi ambayo ubongo unaitunga. Hali mchanganyiko ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu aliyezama anakosa nguvu za kutenda, na huyu anazo. Dalili zake: anatembea ndani ya nyumba usiku kucha, hasira inayowaka kwa jambo dogo, anasema haraka maneno ya kukata tamaa. Ukiziona zote pamoja husubiri miadi ya wiki ijayo. Vinavyokata na dawa za ziada vinaondolewa mkononi, sauti inashushwa, watu chumbani wanapungua, na msaada wa haraka unaitwa siku hiyohiyo.

#13 Mwali wa Pazia

Sawa, nimepigwa kona ya mania. Lakini mnajibu nusu ya swali. Wachekeshaji wengi huogopa dawa. Wanasema lithiamu inaua kichekesho. Wanadanganya?

#14 DawaKwaSaa

Hawadanganyi, ila wanalaumu kitu kizima kwa kosa la kipimo.

Lithiamu ina njia nyembamba. Kiwango kwenye damu kinachotakiwa kwa wengi ni milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita. Aliyewahi kuzidiwa akiwa ndani ya kiwango hicho huweza kupandishwa hadi 1.0. Ukivuka 1.5 unaingia kwenye sumu, ukivuka 2.0 ni dharura. Damu hutolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Ikitolewa saa 5 baada ya dozi, namba inakuja juu kuliko ilivyo kweli, daktari anapunguza dawa, na mwezi unaofuata mgonjwa anazidiwa. Mwanzoni hupimwa kila wiki hadi kiwango kitulie, kisha kila miezi 3 kwa mwaka wa kwanza, halafu kila miezi 6 kwa ambao hawana hatari ya ziada. Figo, tezi ya shingo na kalsiamu hupimwa kila miezi 6.

Sasa mchekeshaji. Kwanza mikono inatetemeka, mtetemeko mwembamba unaoonekana sana ukishika kinasa sauti. Suluhu ya kiufundi ni kinasa kwenye mti wake, au mikono yote miwili. Suluhu ya dawa ni kupunguza kidogo kama namba inaruhusu, kupunguza kahawa hatua kwa hatua, au kuongezewa propranololi kama hana pumu. Pili kiu. Tatu, na hili ndilo wanalolalamikia, neno linachelewa. Kichekesho kinaishi kwa nusu sekunde. Ukikuta mtu wa namna hiyo, angalia kwanza namba yake ni ngapi, pili tezi ya shingo. Lithiamu hudhoofisha tezi, na tezi dhaifu inaleta uzito wa mawazo, unene na baridi. Wengi wanaosema dawa imeniua akili, tezi yao haijapimwa mwaka mzima. Tatu, angalia kama si sonona yenyewe iliyobaki.

Kinachoharibu mambo kwa ghafla ni hivi: kutapika, kuharisha au jasho jingi bila kunywa maji, kuacha chumvi ghafla, vidonge vya maumivu aina ya ibuprofeni au diklofenaki, baadhi ya dawa za presha. Vyote hupandisha lithiamu kwenye damu. Mchekeshaji aliyesimama chini ya taa za jukwaa saa nzima, kanyweshwa bia badala ya maji, mgongo unamuuma, kameza ibuprofeni. Hapo umekusanya vitatu kwa usiku mmoja. Parasetamoli ndiyo ya kumeza. Mtetemeko ukiwa mkubwa, miguu ikayumba, ulimi ukawa mzito na anaharisha, hiyo si ulevi. Dozi inayofuata haimezwi na damu inapimwa sasa hivi.

Na kuacha kwa ghafla ndiko kubaya zaidi. Ikibidi kuacha, inashushwa kwa wiki 4 angalau, bora miezi 3, pamoja na daktari.

#15 Nahodha77

Mkuu DawaKwaSaa, hilo jina hukulichagua bure!

#16 Mkata Mawimbi

Niongeze lamotrijini, maana wengi wanaosumbuliwa zaidi na sonona kuliko mania hupewa hiyo. Haimfanyi mtu mzito, wachekeshaji huipenda. Ila inapandishwa polepole: miligramu 25 kwa siku wiki 2, 50 wiki 2, ndipo juu. Akiwa anatumia pia valproeti (dawa nyingine ya bipola), nusu ya hapo. Ukikimbiza dozi unaalika vipele vya ngozi vinavyoweza kuua. Kosa la watu wa safari ni hili: mfuko umesahaulika, siku 5 au zaidi zimepita bila dawa, wanarudi kwenye 200 kama hakuna kilichotokea. Hairuhusiwi. Unaanza upya kutoka chini.

#17 Fundi Sauti

Swali kwenu wenye dawa. Onyesho linaisha saa 5 usiku, damu imechemka, mtu hawezi kulala hadi saa 9. Dawa ya usiku anameza saa ngapi?

#18 DawaKwaSaa

Saa ileile kila siku, siku ya onyesho na siku ya mapumziko. Kama ni kwetiapini ya usingizi haimezwi kabla ya kupanda jukwaani, inamezwa ukishafika unapolala. Na tatizo la wachekeshaji si kuchelewa kulala, ni kubadilika. Mtu anayelala saa 9 usiku na kuamka saa 5 asubuhi kila siku yuko salama kuliko anayelala saa 4 leo, saa 10 kesho.

Kuna tiba ya mazungumzo inayoshughulikia mpangilio huo. Mgonjwa anaandika saa za mambo 5 kila siku: kutoka kitandani, kuonana na mtu wa kwanza, kuanza kazi, chakula cha jioni, kuingia kitandani. Baada ya wiki kadhaa unaona kwenye karatasi ni lipi lililoanza kuteleza kabla ya wimbi. Mara nyingi ni la kwanza na la mwisho.

#19 Jicho la Tatu

Uzi umegeuka duka la dawa. Mada ilikuwa maisha ya ndani ya Milligan.

#20 Bibi Maktaba

Jicho ana haki, turudi nyumbani kwake.

Ndoa ya kwanza ilipovunjika alibaki na malezi ya watoto watatu. Baba mgonjwa, watoto watatu, na bado anaandika. Watoto wake wamesimulia baba wa aina mbili, mmoja wa michezo isiyoisha, mwingine aliye nyuma ya mlango. Katikati ya miaka ya 1960 aliongoza kazi ya kuukarabati ule mwaloni wenye vijitu vilivyochongwa, uliopo Kensington Gardens, kwa ajili ya watoto wa jiji zima. Mtu anayepaka rangi vijitu vidogo kwa mkono sio mtu asiyejali watoto. Na kuhusu ule mlango: ofisi yake ya Orme Court, Bayswater, ilikuwa na kitanda. Akizama alijifungia humo. Norma Farnes, meneja wake tangu 1966 hadi mwisho, ndiye aliyekuwa upande wa pili.

Kelele zilimuumiza kama jeraha. Watu walidhani anajivuna.

#21 Tulizana

Upande wa pili wa mlango ndio haujaandikwa vya kutosha. Aliye nje akibisha kila dakika 10 na kuuliza una nini, anaongeza kelele zilezile. Akinyamaza kabisa, anamwacha mtu peke yake na mawazo yake. Kinachofanya kazi ni makubaliano yaliyoandikwa wakati mgonjwa yuko mzima: atajibu mara mbili kwa siku, hata kwa kugonga ukuta, maji na chakula vitawekwa mlangoni saa fulani, ufunguo wa ziada uko kwa nani, asipojibu mara moja iliyopangwa, mlango unafunguliwa bila mjadala. Fedha nazo huandikwa humohumo: kiasi cha juu kwa siku, na nani anatia saini ya pili mania ikianza. Bila karatasi hiyo, kila wimbi linakuwa ugomvi mpya.

#22 Fundi Sauti

Milligan alifariki nyumbani kwake Rye, Februari 27, 2002, miaka 83, kwa figo kushindwa. Alitumia lithiamu. Mmetuambia lithiamu inagusa figo. Basi dawa ilimuua?

#23 DawaKwaSaa

Unaruka hatua tatu kwa mguu mmoja. Lithiamu ya miaka mingi hupunguza kazi ya figo kwa baadhi ya watu, kweli. Miaka 83 hupunguza pia, presha hupunguza, moyo dhaifu hupunguza, na yeye alikuwa ameshapasuliwa moyo. Bila mfululizo wa vipimo vyake vya figo hakuna anayeweza kuligawa hilo. Na weka upande wa pili wa mizani: lithiamu ni kati ya dawa chache zenye ushahidi wa kupunguza vifo vya kujiua kwa wenye ugonjwa huu. Alifika 83.

#24 Mwali wa Pazia

Nirudi na ushahidi wangu. Kuna utafiti uliochapishwa 2014 kwenye jarida la madaktari wa akili wa Uingereza: wachekeshaji 523, waigizaji 364, na watu wa kazi nyingine 831. Wachekeshaji walipata alama za juu kwenye tabia zote nne zinazofanana na saikosisi (hali ya kupotewa na uhalisia), ikiwemo kurukaruka kwa mawazo na kukosa furaha ya kuwa na watu. Waigizaji hawakuwa hivyo kwenye zote. Sasa semeni kiwanda hakipo.

#25 Mkata Mawimbi

Dodoso la tabia, si utambuzi wa ugonjwa. Walipima mwelekeo wa watu wazima wenye afya wanaofanya kazi. Wenyewe walijaza mtandaoni. Utafiti huo unaweza kusema aina fulani ya akili hupenda ucheshi. Hauwezi kusema kwamba kuzidiwa kunazaa ucheshi. Kati ya hayo mawili kuna wodi ya hospitali.

#26 Mwali wa Pazia

Nakubali neno ugonjwa nilitumia kwa upana. Lakini akili ile na ugonjwa ule vilikaa nyumba moja, na sioni mtu hapa aliyenionyesha ukuta unaovitenganisha.

#27 Tulizana

Muulize mchekeshaji Maria Bamford. Bipola ya aina ya pili (hipomania na sonona, bila mania kamili), amelazwa, ametaja dawa zake hadharani. Mwaka 2012 alitoa onyesho zima nyumbani kwake, watazamaji wakiwa baba na mama yake tu. Kazi hiyo ameifanya akiwa kwenye matibabu. Ukuta ni huo.

#28 Nahodha77

Na lile jiwe la kaburi? Nasikia ameandika alikuwa mgonjwa.

#29 Bibi Maktaba

Winchelsea, kanisa la Mtakatifu Thomas. Maneno ni "niliwaambia naumwa". Wakuu wa kanisa hawakuyakubali kwa Kiingereza, yakawekwa kwa Kiayalandi mwaka 2004. Watu hucheka wakiyasoma. Mimi nayasoma kama barua ya askari wa 1944 ambaye hakusadikiwa.

#30 Fundi Sauti

Mimi nayasoma kama kichekesho kilichokatwa vizuri. Maneno machache, hakuna la kuondoa.